Wafunga Mlango Watatu wa Observatory

Enzi zetu kule mtaani Observatory, na nikisema "enzi zetu" mama hunikata jicho, maana sijafika hata miaka thelathini. Lakini wewe uliyekuwa mtoto Johannesburg mwaka 2015, uliyekula maandazi ya magwinya ya moto mafuta yakakuchuruzika mpaka kwenye kiwiko, ukashuka mteremko mbio huku mfuko wa shule unakupiga mgongoni ili uwahi uwanjani kabla mvua ya radi ya jioni haijaanza, wewe unanielewa. Tulikuwa na enzi sisi.

Watoto wengine walicheza mpira wa miguu. Sisi tulicheza besiboli, na aliyetuponza ni Malume. Malume ni "mjomba" kwa Kizulu, na sidhani kama kati yetu kuna aliyejua jina lake jingine. Alikuwa Mzulu aliyeoa dada mmoja wa Bukavu kanisani kwetu, na Kiswahili chake kilitosha kuomba chumvi mezani na kumsalimia mkwe. Ujanani alicheza besiboli. Jumapili moja baada ya ibada alifungua buti ya gari lake, akatoa gongo. Kina mama walikusanya watoto wao haraka wakidhani kumezuka ugomvi. Yeye akatabasamu, akauliza nani anaweza kurusha mpira. Tukasema wote tunaweza. Hakuna aliyeweza.

Tukawa timu hivyo hivyo. Wakongo wengi, Wakenya kadhaa, ndugu wawili wa Kirundi waliogombana kwa Kifaransa, na Mtanzania mmoja, Hamisi, aliyejiona mlinzi wa lugha. Ungekuwa unakimbia roho mkononi, yeye anakufuata kwa nyuma akikwambia si "iko anakuja", ni "anakuja". Wasichana na wavulana tulichanganyika, kwa sababu bila wasichana timu isingetimia.

Kwa ambao hawajui mchezo wenyewe: mrushaji anarusha, mpigaji wa timu pinzani anajaribu kuupiga kwa gongo, na nyuma yake anachuchumaa mdakaji mwenye glavu. Mpigaji akikosa mara tatu, anatoka; akiupiga ukadakwa kabla haujagusa chini, anatoka pia. Wakitoka watatu, zamu yao imekwisha. Sasa raundi ya mwisho, mnapoongoza kidogo tu na mrushaji wenu amechoka mkono, kocha humleta mtu mwingine mbichi, ambaye kazi yake ni moja: kuwazuia wapinzani mpaka mchezo uishe. Malume alimpa jina la Kiingereza. Sisi tulimwita mfunga mlango.

Timu yetu ilikuwa na wafunga mlango watatu katika maisha yake, na mimi Neema ndiye niliyewadaka wote. Kwa hiyo watu wakibishana nani alikuwa bora, naona nina haki ya kuongea kwanza.

Wa kwanza alikuwa Zozo, mtoto wa fundi cherehani kutoka Lubumbashi. Huyu alirusha kama mtu anayefukuza mwizi. Mpira ulikuwa ukiingia kwenye glavu, kiganja kinawaka, na jioni siwezi kushika hata kijiko cha ugali. Tatizo lake, hakujua unakwenda wapi. Kuna siku uliruka juu ya kichwa changu, ukavuka wavu na kutua kwenye sufuria ya mama aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchemsha. Zozo hakuomba radhi. Alisema tu, "Miye njo namba moja." Wapigaji walimwogopa kwa sababu na wao hawakujua unakwenda wapi. Wengine walipiga gongo mapema kabisa ili mradi watoke pale wakiwa na meno yao. Akafunga mlango misimu miwili, kisha akaota ndevu, umri ukamtoa.

Akaja Wanjiru. Baba yake alifundisha chuo kikuu pale Braamfontein, na binti alikuwa na utulivu wa mtu anayesahihisha mitihani. Mipira yake ilikuwa ya polepole hadi aibu. Mpigaji anauona unakuja, anacheka, anajiandaa, anapiga kwa nguvu zake zote, na mpira bado haujafika. Kabla ya kurusha alifunga nywele upya, taratibu, watu wote wakisubiri. Nilimwuliza siku moja kama haogopi.

"Niogope nini?" akasema. "Yeye ndiye ako na haraka. Mimi sina."

Hamisi alitaka kumsahihisha hilo "ako", akatazamwa mara moja tu, akanyamaza. Hiyo haikuwahi kutokea kwa mtu mwingine yeyote.

Wanjiru alitufikisha fainali mwaka 2019, halafu wiki ya fainali baba yake akapata kazi Nairobi na familia nzima ikaondoka. Tulimsindikiza hadi uwanja wa ndege tukiwa tumevaa jezi, tukalia mpaka walinzi wakatuletea maji. Malume naye alisema "eish" mara nyingi sana siku ile.

Ndipo akamchagua mdogo wangu, Imani.

Ngoja niwaeleze Imani alikuwaje. Mdogo wa mwili, mkono wa kushoto, na akikaza akili machozi yanamtoka. Si huzuni, si woga, macho yake ndivyo yalivyo. Alilia kwenye hesabu, alilia akitunga uzi kwenye sindano, na alilia akirusha mpira. Kamasi na yote. Lakini mpira wake ulipinda njiani kama nyoka anayekumbuka kitu alichosahau nyumbani, na mazoezini hakuna hata mmoja wetu aliyeugusa.

Fainali ilichezwa alasiri moja ya Jumamosi, uwanjani kwetu, jakaranda zimemwaga maua ya zambarau hadi ukashindwa kuona mistari. Wapinzani walitoka vitongoji vya kaskazini. Viatu vyao vilifanana, na kila mmoja alikuwa na chupa yake ya maji yenye jina. Tulijua kwamba tukishindwa siku ile, timu imekufa. Wazazi walishaanza kunung'unika kuhusu shule, na Malume alishatwambia bila ushindi hana la kuwaambia.

Raundi ya mwisho tukawa tunaongoza kwa pointi moja. Imani akaingia, machozi tayari. Mpigaji wa kwanza alimwonea huruma, akashusha gongo, mipira mitatu ikampita akiwa bado anajiuliza afanye nini, akatoka. Wa pili alipiga kidogo tu, tukamtoa. Kocha wao akamfuata refa.

"Yule mtoto analia," akasema. "Si haki kumlazimisha. Mtoeni."

Refa akamwuliza Imani kwa upole kama ameumia.

"Silii," Imani akajibu, kidevu kinachuruzika. "Ninarusha."

Wakati huohuo mama yetu alikuwa anatoka mjini. Alikuwa msusi katikati ya jiji, hajawahi kuja kutazama mechi hata moja, na mpaka siku ile aliamini besiboli ni mchezo wa kupigana kwa fimbo. Alifika uzioni, akamwona kitinda mimba wake amesimama peke yake katikati ya uwanja, analia, watu wamemzunguka, mmoja ana gongo. Mama hakutafuta geti. Aliinua kitenge, akaruka uzio, akaingia uwanjani na mkoba wake wa nywele bandia begani.

"Nani amemuliza huyu mutoto?"

Refa alirudi nyuma hatua kadhaa. Mpigaji aliweka gongo lake chini, polepole, kama mtu aliyekamatwa.

"Mama, toka," Imani akanong'ona. "Nimebakiza mmoja."

"Mmoja nini?"

"Wa kumtoa. Halafu tunashinda."

Mama akamfuta kamasi kwa ncha ya kitenge mbele ya kadamnasi nzima, kisha akamgeukia yule mpigaji mrefu. "Ni huyu?"

"Ni huyu."

"Haya. Mutoe, twende nyumbani."

Akarudi pembeni, safari hii kwa geti. Malume alikuwa amejiziba uso kwa kofia. Mabega yalikuwa yanamtikisika kwa kicheko.

Imani akarusha. Mpigaji akaupiga, mpira ukapaa juu moja kwa moja, juu kabisa, kwenye jua. Nikavua kinyago cha kukinga uso, nikatazama mbinguni, sikuona kitu isipokuwa mwanga. Niliuzunguka uwanja kwa macho yangu kama kuku aliyepotelewa na vifaranga. Ukidondoka chini, tutaendelea, na kila mtu alijua mkono wa Imani umekwisha. Ndipo nikasikia sauti ya mama, yule asiyejua besiboli, ikija kutoka pembeni.

"Neema, rudi nyuma. Nyuma tena. Hapo hapo. Sasa fungua mikono."

Nikafungua. Mpira ukaanguka ndani ya glavu kama zawadi ya mtu mwingine iliyokosea nyumba.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Najua Hamisi alipiga kelele zenye makosa ya sarufi, na Malume alimbeba mama, jambo ambalo mke wake alilizungumzia kwa muda mrefu. Timu haikufa. Ilipata msimu mwingine, na huo ulitutosha.

Leo Zozo ni fundi umeme Durban, Wanjiru yuko Nairobi, Imani anasoma udaktari, na wagonjwa wake wa mazoezi huwa wanambembeleza yeye. Tuna kundi letu la simu, na kila mtu akichoka na maisha huuliza nani alikuwa mfunga mlango bora. Kwangu ni Wanjiru kwa akili, Zozo kwa kutisha, lakini siku ambayo lazima mtu ashinde, niletee Imani. Hujibiwa kwamba napendelea ndugu. Tunabishana kwa sauti zilizorekodiwa, kwa vikatuni vinavyocheka, hadi chaji inaisha.

Vijana wa sasa wananiambia kubishana simuni ni kitu kilekile. Pengine. Wao wanabishana na watu ambao hawajawahi hata kuwaona, na wanaonekana wana furaha. Lakini sisi ubishi wetu ulikuwa na miguu. Ulianzia uwanjani, ukapanda kilima, ukasimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, ukisubiri zibadilike, ukaingia kiduka cha spaza kununua juisi ya kugawana, na ulipoisha, kila mmoja alikuwa amefikishwa mlangoni kwao. Siku hizi nikishinda ubishi, naweka simu chini, na chumbani hakuna mtu wa kuniambia nimekosea.