Masanduku Niliyoyapanga Chini ya Sakafu

Nakumbuka vizuri asubuhi ile nilipoiona nyumba ya kwetu kwenye ncha ya kusini ya dunia. Usicheke, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi jenereta niliyejifunza mwenyewe kwa kufungua mashine na kusoma vitabu vyake, nikapata kazi ya msimu mmoja katika kituo cha watafiti huko Antaktika. Nimetoka kijiji cha joto cha Mtunda, nilikuwa sijawahi kuona hata mvua ya mawe. Ndege ilipotushusha, mbele yangu lilisimama jengo jekundu juu ya miguu ya chuma. Moyo uliruka. Dungu! Kama kile kibanda cha juu ya nguzo alimokaa bibi yangu akilinda mpunga bondeni, ila hili lilikuwa na hita na watu kumi na wanne.

Kila kitu kilinifurahisha. Jua halikuzama kabisa, ikabidi niandike nyumbani kumwuliza shehe nizihesabu vipi nyakati za swala. Maji yalikuwa theluji iliyoyeyushwa, na kuoga ni dakika mbili tu. Kanzu niliyoianika nje kwa mazoea niliirudisha imekakamaa kama ubao, nikaipitisha mlangoni kwa ubavu huku wenzangu wakipiga makofi.

Siku ya nne nikaambiwa nitafute mahali pa masanduku ya vipuri. Sikumwuliza mtu. Kwetu chini ya dungu ndiko kunakokaa kinu, kuni na matenga, basi nikayapanga yote chini ya sakafu, upande wa nyuma, yamenyooka kama yamepimwa kwa kamba. Nikajipongeza.

Upepo ukavuma siku mbili. Ulipotulia, mkuu wa kituo, mama wa makamo asiyepandisha sauti, alikwenda kujaribu mlango wa dharura wa nyuma. Haukufunguka. Theluji ilikuwa imeuziba hadi juu ya kitasa. Mlango wa mbele ulikuwa karibu na jiko. Moto ukiwaka jikoni, sote tulitakiwa kutokea nyuma.

"Nani ameweka masanduku chini?"

Hakuna aliyeniona nikiyapanga. Ndege ilikuwa inarudi siku ya pili yake, ina nafasi, na nilijua nani angepakiwa.

"Ni mimi, mama. Kwetu nyumba yenye miguu, vitu huwekwa chini."

"Kwenu imeinuliwa kwa nini?"

"Mafuriko. Na nguruwe pori."

"Mafuriko yakija, mnaacha vitu chini?"

"Hapana, tunavipandisha juu."

"Hapa mafuriko yetu ni upepo. Unapita chini, unaondoka na theluji yake. Wewe umeuzibia njia. Chukua sepetu."

Tulichimba sote, saa tano nzima, jasho likitutoka katikati ya barafu. Mlango ulipofunguka tulipiga kelele kama watu wa harusi. Mama yule akanipa kikombe cha chai. "Kesho ndege itaondoka bila wewe," akasema. "Nilijua ni wewe uliyeagizwa masanduku. Ungenyamaza, ungekuwemo."

Jumapili nikampigia bibi kwa simu ya setilaiti.

"Mume wangu, hujambo huko kwenye jokofu?"

Nikamweleza.

"Yaani umesafiri kote huko kwenda kuwazibia watu mlango! Uliuliza?"

"Niliona linafanana na dungu, bibi."

"Hata mimi nafanana na dada yangu, lakini babu yako hakukosea chumba!"

Nilicheka mpaka nikaangusha simu. Lakini neno lile limenikaa mpaka leo.

Basi, mwanangu, wewe unayejiandaa kwenda kufanya kazi kwa watu: kitu kigeni utakiulizia tu, maana kitakutisha. Ulizia zaidi kile unachodhani unakijua, kile kinachofanana na cha nyumbani, kwa sababu hicho ndicho mkono wako utakigusa kabla ya akili. Na ukikosea, sema mwenyewe mapema, hata kama kusema kunaweza kukugharimu kazi. Mwenyezi Mungu akupe wenyeji wenye subira, akulainishie ulimi wa kuuliza, na akurudishe kwetu salama. Amin.