Chai Baridi ya Mama Fanny

Tangu mume wake afariki, hakuna mgeni aliyekunywa chochote nyumbani kwa Mbambu. Hata maji. Watu wa Nyakasanza, mtaa wake mjini Bunia, walimsalimu vizuri, walikaa kwenye viti vyake, walimsifia maua yake ya mlangoni. Lakini akiinuka tu kuelekea jikoni, mmoja alikumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria motoni, na mwingine alikuwa ametoka kunywa huko alikopita. Ajabu jinsi mtaa mzima ulivyokuwa hauna kiu kila ulipoingia kwenye ule ua.

Mume wake, Katsuva, alikuwa dereva wa lori la njia ya Bogoro. Siku moja alirudi mchana, jua likiwa kali, akamwomba mkewe ile chai yake ya baridi, akainywa, akajilaza, asiamke tena. Daktari alisema ni moyo. Ndugu za Katsuva walisema ni chai. Maneno ya daktari yalibaki hospitalini, ya ndugu yakafika sokoni kabla hata ya mazishi.

Mwanamke mwingine angeacha kabisa kuitengeneza. Mbambu hakuacha. Mchaichai, ambao Bunia wengi wanauita sitroneli, aliendelea kuupalilia nyuma ya jiko. Sokoni aliendelea kuuza mananasi na marakuja, yaani pasheni, na watu waliyanunua bila wasiwasi, kwa kuwa tunda lina ganda lake. Kila Jumapili baada ya ibada alitengeneza chai, akainywa na binti yake Fanny barazani, mahali ambapo kila mpita njia angewaona. Alikuwa mkaidi, na mimi sioni kwa nini nimtafutie neno lingine.

Sasa Fanny alikuwa amepata mchumba. Gaël alikuwa seremala, kijana wa watu wa Mahagi, mpole, mwenye vumbi la mbao masikioni hata siku ya sherehe. Mjomba wake Théodore na shangazi yake Priscille, waliomlea, walikuwa wanakuja kuiona nyumba ya msichana kwa mara ya kwanza. Ziara kama hiyo haina siri. Wageni wakinywa, mazungumzo yanaendelea, siku ya kurudi inapangwa. Wasipogusa kitu, watashukuru sana, watasifu nyumba, watapanda pikipiki, na hutawaona tena. Na habari za chai ya Mbambu zilikuwa zimeshafika Mahagi, maana wachuuzi wa ile njia hawabebi mizigo peke yake.

Siku moja kabla, Fanny alimkuta mama yake akimenya tangawizi.

"Mama, tulete tu sukre za duka, zile soda za chupa. Kila mugeni anafungua kizibo yake yeye mwenyewe. Hakuna mwenye ataogopa."

"Hapana," alisema Mbambu. "Kama minaweka chupa ya kufunga mbele yabo, minakubali yenye banasemaka juu yangu."

"Na kama habakunywe?"

"Batakunywa."

"Mama, iyi ndoa ni yangu, haiko yako."

Kisu kikasimama. Maneno yale yalimchoma, kwa sababu yalikuwa kweli. Mbambu akafuta mikono kwenye kitenge, akamtazama mtoto wake.

"Najua, mama yangu. Ndiyo maana ninakatala. Ukiolewa kwabo juu ya soda ya duka, kila siku utapika, nabo bataangalia mikono yako. Weye utakuwa mutoto wa ule mwanamuke. Siye tumeishi vile inatosha."

Fanny alichukua kisu cha pili, akaanza kumenya.

Asubuhi Mbambu alifanya kazi bila kusema. Majani ya chai aliyatia kwenye maji yaliyochemka, akaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani, akayachuja. Kuyaacha hadi ubeti wa pili kungeifanya chai iwe chungu. Mchaichai aliufunga fundo, akauchemsha kando pamoja na tangawizi iliyopondwa, kisha akachanganya na kuiweka sufuria ndani ya karai la maji, kivulini. Matunda yalisubiri. Ukimimina nanasi kwenye chai ya moto, linanuka kama mboga. Chai ilipopoa kabisa ndipo alipotia maji ya nanasi na ya marakuja, akaongeza asali, akasugua majani ya mnanaa kati ya viganja na kuyaachia yaelee. Barafu aliitoa dukani kando ya barabara, kwa wenye jenereta, akaileta imeviringishwa kwenye gunia.

Akaonja. Ilikuwa tamu hadi akasikia hasira, kwamba kitu kizuri hivi watu wamekifanya sumu kwa midomo yao.

Wageni walifika wamejaa vumbi la safari. Théodore alikuwa mtu mrefu wa maneno machache. Priscille alikuwa mnene, mwenye macho yasiyopitwa na kitu, na midomo yake ilikuwa imekauka hadi inapasuka. Wakakaribishwa, wakaomba sala, wakakaa. Gaël alijibana kwenye ncha ya kochi kana kwamba yeye ndiye anayetolewa mahari.

Hapo Mbambu alikosea, na ni kosa ambalo huku mtoto mdogo halifanyi. Kinywaji humiminwa mbele ya mgeni, macho yake yakiona, na mwenye nyumba huonja kwanza. Mbambu alilijua hilo kuliko mtu yeyote mjini. Lakini alitaka ipendeze. Alizimimina glasi jikoni, akaweka kipande cha nanasi kwenye mdomo wa kila moja, akazipanga kwenye sinia, akaingia nazo akitabasamu.

Tabasamu lilimfia usoni alipoziweka mezani.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Théodore akaanza kueleza habari za barabara, mashimo yake yote, moja baada ya jingine. Gaël aliitazama glasi, akamtazama Fanny, vidole vyake vikaanza kusogea. Mjomba akakohoa, vidole vikarudi. Kijana hawezi kunywa kabla ya wakubwa. Nje ya glasi maji yalikuwa yanateremka polepole. Priscille akalamba midomo, akageuza uso akaangalia picha ya ukutani.

Fanny akainuka, macho yamejaa machozi, akielekea mlangoni.

"Unaenda wapi?" aliuliza Mbambu.

"Duka. Sukre."

"Ikala."

Fanny akakaa. Mbambu naye akavuta kigoda, akakaa mbele ya sinia.

"Papa Théodore, mama Priscille. Yenye banasema juu ya iyi chai, muliisikia. Miye vilevile niliisikia. Nimeimimina kule jikoni, ile ni kosa yangu. Basi muniangalie."

Akachukua glasi ya kwanza. "Iyi ilikuwa yangu." Akanywa yote, akaigeuza juu chini.

Théodore akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Lakini macho yake yalihamia kwenye glasi zilizobaki, na Mbambu aliona yalikokwenda. Sumu, wanasema, hutiwa kwenye glasi moja tu.

"Iyi ya Fanny," akasema. Akanywa. Barafu ilimgonga meno.

"Iyi ya Gaël." Aliinywa kwa taabu, akapumzika katikati, akamaliza. Tumbo lilianza kulalamika. Gaël alimtazama kama mtu anayeona chakula chake kikibebwa na jirani.

"Iyi ya papa Théodore." Mzee akainama mbele kwenye kiti. Machozi sasa yalikuwa yanamtoka Mbambu, yakishuka hadi kidevuni, na aliendelea kunywa bila kuyafuta. Alikuwa amedhamiria kunywa hata sufuria nzima, hata kesho, hata wakimwona mwendawazimu. Akaiweka glasi tupu. Akakipangusa kinywa kwa mkono.

Ikabaki moja.

"Iyi ya mama Priscille," akasema, akainyooshea mkono.

Mkono mnene ukamshika kifundo cha mkono.

"Iyo ni yangu," alisema Priscille. "Weye mwanamuke, unataka kuniua na kiu?"

Akaichukua, akanywa bila kupumua, nanasi, mnanaa na barafu pamoja. Akaitazama glasi tupu kwa masikitiko. Kisha akamsukumia Mbambu sinia lote.

"Umetumalizia chai. Rudia kutengeneza. Siye haturudi Mahagi leo."

Théodore alivua koti, akalitundika nyuma ya kiti. Mbambu alikwenda kuinjika maji, tumbo likiwa limejaa hadi hawezi kuinama vizuri, na wageni walihamia barazani, wakakaa wakimsubiri.