Maziwa Ndani ya Ziwa

Nilipokuwa darasa la tatu, mwalimu aliandika ubaoni "Maziwa ya Mokoto", akatuambia kuwa yako humu humu Masisi, upande wa kaskazini. Mimi mtoto wa mfugaji nilirudi nyumbani mbio kumuuliza Papa kwa nini tunaamka alfajiri kukamua, wakati maziwa yako huko ya kuchota. Papa alicheka mpaka akaweka ndoo chini. Kwake neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Maji mengi yaliyotulia mahali pamoja aliyaita laki, kama watu wote wa kwetu, na hakuyapenda.

Tulikaa kwenye vilima vya juu ya Bihambwe. Kila asubuhi Papa alipeleka maziwa kituoni, ambako kulikuwa na kipimo cha kioo kinachoelea. Kikizama kupita alama, maziwa yametiwa maji, na mwenye bidoni, yaani dumu la maziwa, anarudishwa nayo mbele ya watu wote. Bidoni ya Papa haikuwa inapimwa. Mpokeaji alimwambia tu, "Papa, pitisha," na neno hilo lilimshibisha mpaka jioni. Nyumbani tulilelewa hivyo hivyo. Maziwa hayachanganywi na maji, hayarukwi, hayamwagwi. Tone likianguka kwa bahati mbaya unalifunika kwa majani. Mtu anayemwaga kwa makusudi, Papa alisema, ng'ombe anajua, na kiwele kitakauka. Sijui kama aliamini kabisa. Najua kwamba hakuwahi kujaribu.

Jumapili baada ya misa alitupeleka kutembea. Majirani walishangaa, maana watu wanaotembea wiki nzima nyuma ya ng'ombe hupumzika siku hiyo. Lakini Papa alitaka tuone nchi. Tulipanda vilima ambavyo havikuwa na kazi nasi, tukateleza kwenye majani mabichi kwa makalio, tukanyeshewa na mvua ya mawe tukiwa tumejificha chini ya kitenge kimoja cha Mama. Siku moja ukungu ulitupoteza kabisa, tukaokolewa na ng'ombe wa mtu aliyekuwa anarudi zake nyumbani; tulimfuata nyuma kama ndama. Papa alilisimulia jambo hilo miaka mingi, na sifa zote alimpa ng'ombe.

Alikuwa na jicho moja tu, jicho la malisho. Mbele ya maporomoko ya maji ambayo wengine wangepiga nayo picha, alisema, "Majani ya pale chini iko muzuri." Mama alikuwa na jicho lingine. Yeye ni mtu wa Kibua, kule Walikale, binti wa wakulima wanaolima kando ya mto, na kilima kwake kilikuwa kitu kinachokuzuia kuona maji. Likizo alitupeleka kwao, mimi na mdogo wangu, na huko mtoni akatufundisha kuogelea na kushika kasia. Papa alitusindikiza mpaka barabarani, akarudi kwa ng'ombe wake. Hakuna aliyejiuliza kama yeye anajua kuogelea. Hatukuwa tumewahi kumwona ndani ya maji yanayopita goti.

Mwaka niliotimiza miaka kumi na miwili, dada mkubwa wa Mama alijifungua. Alikuwa ameolewa ng'ambo ya moja ya maziwa yale ya Mokoto, na kiangazi hicho mdogo wake Papa alikuwa anachunga baadhi ya ng'ombe zetu kwenye vilima vya upande wa huku. Papa akasema tutalala kwa mdogo wake, asubuhi atakamua mwenyewe, na mzazi atakunywa maziwa ambayo jana yalikuwa bado majani. Alikamua bidoni ya lita kumi, akaijaza mpaka shingoni, akafunga kifuniko, akakifuta. Tukashuka ziwani.

Watu wa pale walituazima mtumbwi. Walitaka kutupatia na mtu wa kupiga kasia, Mama akakataa. Akasema amepiga kasia tangu hajaota meno ya pili. Akatupanga. Mimi mbele, mdogo wangu nyuma yangu, Papa katikati na bidoni kati ya magoti yake, yeye mwenyewe nyuma. Kisha akatoa amri moja.

"Hakuna kusimama. Ata nyoka ikiingia, hakuna kusimama."

Papa aliitika kama mtoto wa shule. Tulipoacha ukingo nikageuka kumtazama, nikaona vidole vyake vimeshika mbao za pande zote mbili. "Papa, unaogopa?" nikamuuliza. Akasema, "Miye sijue kuogelea," kwa sauti ya kawaida, kama anayesema hana chenji. Ndivyo nilivyojua. Mama aliacha kasia kidogo. Wamelala kitanda kimoja miaka kumi na mitatu, na nadhani hata yeye alikuwa analisikia mara ya kwanza.

Maji yalikuwa yametulia. Tulivuka vizuri. Ng'ambo ilikuwa imekaribia kiasi cha kuona mashamba, maharagwe yaliyokaribia kuvunwa, mistari kwa mistari mpaka karibu na maji. Nilikuwa nimeanza kufurahi. Hapo Papa akasimama.

"Ile ngombe!" akapiga kelele. "Iko mu maharagi ya bantu! Iko nani anachunga ile ngombe?"

Kweli, ng'ombe mwekundu alikuwa ameingia shambani, anakula kwa utulivu wake wote. Kwetu jambo hilo si dogo. Ng'ombe ndani ya shamba la mtu ni kesi, na kesi ya namna hiyo inaweza kuzaa nyingine. Mfugaji yeyote mwenye akili, akimwona, miguu yake inaondoka kabla ya kichwa. Miguu ya Papa iliondoka. Akapiga ule mluzi wake wa kuita, akainua mkono, akahamia upande wa ng'ombe, na sisi watoto wake, tuliozoea mluzi ule, tukainama upande huo huo.

Mtumbwi haukupinduka. Ulilala ubavu, ukanywa, ukarudi kusimama. Ulipotulia maji yalikuwa yamefika kiunoni kwetu tuliokaa, na kingo zilibaki juu ya ziwa kwa upana wa vidole viwili. Kasia lilikuwa mikononi mwa Mama. Bidoni ilikuwa mikononi mwa Papa. Ng'ombe aliinua kichwa, akatutazama, akarudia maharagwe.

Mama hakupiga kelele. Alituambia mimi na mdogo wangu tuteleze majini taratibu, mmoja huku, mmoja kule, tushike kingo, tupige miguu kama mtoni kwa babu. Tukafanya hivyo. Maji yalikuwa baridi kuliko ya Kibua. Kisha akamgeukia Papa.

"Papa batoto, mwanga ile maziwa. Funga bidoni, uishike mu kifua. Itakubeba."

Papa aliikumbatia bidoni.

Ilikuwa wazi hata kwangu. Bidoni tupu inaelea na mtu. Bidoni iliyojaa haimsaidii mtu yeyote. Mtumbwi ulikuwa unaendelea kushuka, na aliyekuwa ndani yake bila kujua kuogelea alikuwa mmoja.

"Mwanga," Mama akasema tena.

"Ni ya muzazi," Papa akasema. "Mu maji? Nimwange maziwa mu maji?"

Nitasema nilichohisi, kwa sababu nimekaa nacho muda mrefu. Nilimchukia. Haukuwa muda mrefu, labda kiasi cha pumzi tatu nne, lakini nilimchukia kabisa. Niliona baba mwenye watoto wawili majini anafikiria kiwele cha ng'ombe. Niliwaza kwamba nikifika nchi kavu bila yeye sitamsamehe, na kwamba sitakunywa maziwa tena maisha yangu yote. Mdogo wangu alikuwa analia upande wa pili wa mtumbwi, namsikia bila kumwona.

Mama aliweka kasia ndani ya maji yaliyojaa mtumbwini. Alisogea kwa magoti mpaka mbele ya Papa, akamshika mkanda wa suruali. Alisema polepole, kama anayempangia kazi za kesho.

"Papa batoto. Siwezi beba maziwa na weye. Nitabeba kimoja. Sema nibebe nini."

Papa alimtazama. Kisha akafungua kifuniko, akakibana katikati ya meno, akainamisha bidoni nje ya ukingo. Maziwa yalitoka kwa kukohoa kohoa, kama yanavyotoka siku zote. Ziwa lilikuwa jeusi, yakafanya wingu jeupe, wingu likaja mpaka kwenye shingo yangu. Yalikuwa bado ya vuguvugu. Papa alifumba macho mpaka yalipoisha, kisha akafunga kifuniko kwa nguvu ile ile ya kituoni.

Yaliyofuata yalikuwa kazi tu. Mtumbwi ulikaa sawa na maji, tukausukuma, na Mama akaogelea kwa mkono mmoja akimvuta Papa kwa mkanda. Papa alilala juu ya bidoni, kidevu juu, kofia ya Jumapili bado kichwani. Hakupiga miguu. Baadaye alisema aliogopa kumsumbua.

Aliyetupokea ukingoni alikuwa mama mzee mwenye jembe, ndiye mwenye shamba. Alikuwa anamfukuza ng'ombe alipotuona, akamwacha, akaingia majini mpaka kifuani kumshika Papa mkono. Alipohakikisha sote tunapumua, akauliza lililomhusu.

"Ile ngombe iko yenu?"

"Hapana, Mama," Papa akasema. Meno yalikuwa yanagongana. "Niliionaka tu."

Mama mzee alimwangalia kuanzia kofia mpaka miguu. "Basi njo unataka kufa juu ya ngombe ya benyewe?"

Nyuma yake ng'ombe alikuwa amemaliza mstari wa tatu.

Tulifika kwa mama mkubwa mikono mitupu, tukapewa nguo za watu. Tulikula, tukaangalia mtoto, hakuna aliyelaumiwa. Asubuhi Papa hakuonekana. Alikuwa ameondoka usiku bado haujaisha, akalizunguka ziwa lote kwa miguu mpaka kwa mdogo wake, akakamua, akarudi kwa njia ile ile. Alifika jua la saa nane na bidoni mpya mgongoni, akaiweka mbele ya mzazi, akalala hapo hapo chini. Siku ya kurudi kwetu pia alizunguka. Sisi tulipanda mtumbwi na Mama, tukampungia mkono tulipomwona juu ya kilima, mdogo kama mbuzi.

Ng'ombe hawakukauka. Alichunguza viwele vyao mwezi mzima. Kituoni waliendelea kumwambia apitishe, lakini habari ilikuwa imefika, na Mama ndiye aliyeifikisha. "Papa yenu walimupima mu laki," alikuwa anatuambia mbele ya wageni. "Akazama. Iko na maji mingi." Papa alicheka kila mara, na kila mara masikio yake yalibadilika rangi.

Bidoni ile ya lita kumi haikutiwa maziwa tena. Papa aliifunga kamba shingoni, na Jumapili tulipotoka kutembea aliibeba tupu mgongoni, hata kwenye vilima ambavyo maji yake hayalowanishi kifundo cha mguu. Watu wa njiani walimuuliza maziwa yamekwenda wapi. Akawajibu, "Hii haiko ya maziwa. Hii iko ya mama ya batoto." Mama akamkumbusha kwamba katika nyumba ile asiyejua kuogelea ni mmoja, na si yeye. "Najua," Papa akasema, akaendelea kuibeba.

Siku hizi wamezeeka na wanakaa kwangu mjini. Mwaka huu Mama alitaka kwenda Kibua kuwaona waliobaki, na daraja la kule lilikuwa limechukuliwa na mvua; watu wanavuka kwa mtumbwi. Papa aliinama chini ya kitanda kwa shida, akatoa bidoni. Akaikaza kifuniko, akaiminya karibu na sikio kusikiliza kama inavuja hewa.

"Beba," akamwambia.

"Nikiwa na miaka yote hii? Mimi najua maji."

"Najua. Beba tu."

Akabeba. Papa hakulala vizuri wiki mbili, ingawa angeulizwa angesema ni mgongo. Mama aliporudi tulimpokea akishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba, mzima, amenenepa kidogo, na bidoni imefungwa nyuma. Papa aliishika ili kumsaidia, na mkono wake ukashuka. Ilikuwa nzito. Ilikuwa imejaa mawese mpaka shingoni, kwa maana hakuna mtu wa Kibua anayerudi mjini na chombo kitupu.

Papa aliitazama. Niliona imemshika hasira, au kitu kilicho jirani na hasira.

"Na pirogi ingejaa maji?" akamuuliza. "Ungefanya nini na hii?"

Mama alikuwa anajifungua kitambaa kichwani. Hakumtazama.

"Ningemwanga," akasema. "Ningemwanga bila kuambiwa mara mbili."