Mama Hidaya, Jogoo wa Mbao na Wageni wa Ng'ambo

Kama ulipita Kalemie miaka ile ya Zaire bila kupanda maneji ya Mama Hidaya, basi ulipita tu, hukufika. Ilikuwa duara kubwa la mbao la kuzunguka, lililolazwa juu ya ekseli ya behewa la treni, na pembeni viti vya kuchongwa: kiboko, mamba, samaki sangala, na jogoo mmoja ambaye watoto wote walimgombania. Injini haikuwepo. Félicien, kijana mwenye mabega ya mpakuzi wa bandarini, aliisukuma kwa mikono huku akiimba.

Marehemu mumewe, Zahoro, fundi wa reli, ndiye aliyeijenga. Alipokuwa anakata roho hakutaja nyumba wala shamba. Alisema, "Hidaya, mutoto asirudi nyumbani na machozi juu ya hii kitu." Mama Hidaya akalishika neno hilo kama amana. Mtoto wa mjini asiye na tiketi alipanda kwa ndizi moja, na asiye na ndizi alipanda kwa salamu nzuri. Aliionea maneji hiyo fahari kubwa, na mimi sioni kwa nini asingeionea.

Shida ni kwamba mchanga wa ufukweni iliposimama ulikuwa wa Kamati ya Starehe, na katibu wa kamati alikuwa Papa Hubert, ambaye karatasi za serikali, iliyopiga marufuku majina ya kizungu, zilimwita kwa jina la babu yake lakini mji mzima ulimwita Hubert. Kila kiangazi meli zilileta watu wa likizo, wazungu wa Bujumbura na hata Wabelgiji waliotoka kwao Ulaya kuja kuogelea ziwani. Hubert aliziangalia kamera zao shingoni, akapandisha bei. Mwaka wa kwanza akaandika kwenye ubao wa lango kwamba mtu wa nje atalipa mara mbili. Mwaka uliofuata akaandika mara nne. Wazungu walinung'unika na kulipa.

Sasa, Hubert alipoandika "mtu wa nje" alikuwa anaona kofia ya mzungu. Alisahau kwamba mjini petu hakuna ukoo usio na mguu mmoja Kigoma, ng'ambo ya ziwa.

Kiangazi hichohicho meli ya Kigoma ikaleta watu wa likizo, na ndani yake wifi yake Mama Hidaya, dada wa Zahoro, pamoja na mjukuu wake Mosi. Mosi alikuwa amesimuliwa jogoo wa babu tangu ananyonya. Hata mzigo haujatuliwa, alikimbilia langoni, na watoto wa meli nzima nyuma yake.

Hubert alikuwa amekaa palepale kwenye kiti chake.

"Huyu ni mujukuu wa Zahoro mwenyewe," Mama Hidaya alimwambia.

"Mama, miye nakuheshimu," Hubert akajibu. "Lakini yeye ametoka Tanzania. Nikimwachia, wazungu nao watauliza. Bei njo ile ya kwenye ubao. Ukiivunja, kamati itakuhamisha hapa."

Mama Hidaya angeweza kumlipia Mosi. Lakini nyuma ya Mosi walisimama wale wengine, na Zahoro hakusema mjukuu, alisema mtoto. Ikabidi awarudishe wote. Mosi aliondoka akilia. Siku hiyo Mama Hidaya aliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yake.

Kesho yake hali ikawa ileile. Jioni aliwapikia wageni ugali na ndakala, dagaa wa kwetu, na wifi yake, ambaye ulimi wake haukuwa na likizo, akamchokoza: "Wifi, kesho ni siku ya tatu. Utatupa jembe?"

Wote wakacheka. Mama Hidaya peke yake hakucheka, akaacha kula.

Asubuhi alifika langoni na jembe begani, jembe la kweli lenye udongo wa shamba, na watoto wa Kigoma nyuma yake.

"Papa Hubert, hawa ni wageni?"

"Njo wageni."

"Tangu juzi?"

"Tangu juzi."

"Basi leo ni siku ya tatu. Kwenu Zongwe, mugeni wa siku ya tatu anapewa nini?"

Hubert alilitazama lile jembe. Kamati angeweza kuitetea mpaka jua lizame, lakini hangeweza kumbishia mama yake, aliyemfundisha mila hiyo. "Jembe," akasema.

"Hapa kwangu jembe ni kusukuma. Atakayesukuma njo mufanyakazi wangu, na mufanyakazi halipi. Félicien, leo pumuzika."

Hubert alijikuna shingo. "Wasukume vizuri," alisema mwishowe. "Wasivunje kitu ya marehemu."

Nusu walisukuma, nusu walipanda, kisha wakabadilishana, na Mosi alimkumbatia jogoo hadi mikono ikamuuma. Mbelgiji mmoja aliyekuwa amelipa siku mbili mfululizo aliuliza wale wanafanya nini. Alipoelezwa, naye akakumbuka siku yake ya tatu, akakunja mikono ya shati, akasukuma watoto wake. Hubert akamwacha asukume. Sheria ni msumeno, na mila pia ni msumeno.

Alasiri ya kuondoka meli, Mosi alimshika Mama Hidaya mkono. "Bibi, wewe umeshapanda jogoo?"

Hakuwahi. Tangu Zahoro alipopigilia msumari wa mwisho alikuwa langoni, au chini akipaka mafuta ekseli. Alifungua fundo la kitenge, akatoa bei ya watu wa mji, akaitia kwenye kopo la malipo kama kila mtu, kisha akapanda. Watoto wa ng'ambo wakasukuma. Bandari ikapita mbele yake, ikapita karakana ya reli alikofanyia kazi Zahoro, likapita ziwa, na machozi yakamtoka. Aliyaacha yatiririke. Zahoro alikataza machozi ya watoto tu.

Duara likaanza kupunguza mwendo, na Mosi akauliza kama asimamishe.

"Zungusheni tena," akasema Mama Hidaya. "Nimelipa."