Kengele Niliyoifungua Ukweni

Muniache niseme kwanza, kisha mucheke mukitaka. Siku ile sikunywa hata tone la kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na homa sikuwa nayo. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, kwa njia ya Walikale, wakati Wabeleji walikuwa bado wanatawala.

Mimi ninaogopa imbwa. Si kuogopa kwa kawaida, hapana. Nikiona imbwa moja, hata ile iliyolala, ninageuka na kukimbia. Kwetu Ngungu walinizoea: "Huyu akisikia imbwa inapiga chafya, anapanda muti!" Nami nilicheka pamoja nao. Lakini uoga wenyewe haucheki, ndugu yangu. Njia zingine sikuzipita mwaka muzima, na ngoma za harusi za watu nilizisikiliza nikiwa kwangu.

Sasa Mungu akanipa muke kutoka kwa wawindaji! Baba yake alikaa porini kule Walikale, ng'ambo ya Mubi, na imbwa za kuwinda zilijaa uwanja wake. Muke wangu alipofiwa na mama yake, akaenda matanga kwao. Desturi yao iko hivi: muke aliyekwenda kulia maiti, bwana yake mwenyewe njo anamufuata, na mbuzi mukononi. Nikamutuma kaka yangu. Akarudishwa. Nikamutuma tena. Papa-mukwe akamujibu, "Mwambie aje mwenyewe. Mvua kubwa ikianza hajafika, binti yangu ataolewa na muntu mwingine."

Nyumba ilikuwa baridi, jamani. Kupika peke yangu, kula peke yangu, kuongea na moto. Nilimupenda yule mwanamuke. Nikakamata kamba ya mbuzi, nikaenda.

Sasa sikiliza vizuri. Nilikuwa nimebakiza mwendo kidogo, jua linashuka, mvua ya rasharasha, matope kila mahali. Nikaona mwanaume amesimama njiani, mwembamba, kifua wazi, na kovu refu ubavuni. Mbuzi akakaza miguu, akakataa kabisa kusonga. Ningejua nini mimi? Nikamupiga fimbo.

"Kaka, unaogopa imbwa," yule muntu akasema. Hakuuliza. Nani alimwambia? Lakini nilifurahi, niamini, maana tangu nitoke kwetu sikuwa nimepata muntu wa kuongea naye. Akatangulia, nami nikamufuata nikimueleza yote mpaka machozi yakatoka. Tulipokaribia mji wa mukwe wangu, akavua shingoni kengele ya muti, ile ambayo wawindaji wanafunga imbwa zao. Ndani ilijazwa majani ili isilie.

"Ukifika katikati ya uwanja, toa majani, uitikise," akasema. "Hakuna imbwa itakuuma tena, maisha yako yote."

Nikageuka kuivuta kamba ya mbuzi iliyonasa kwenye mizizi. Kuinua macho, hayuko.

Muntu yeyote wa Walikale angeitupa kengele ile palepale. Kule hata mutoto anajua: majani yanatolewa porini tu, wakati munyama ameshaonekana. Kufungua kengele nyumbani ni mwiko. Lakini mimi ni muntu wa milima, mulimaji wa maharagwe! Nikaingia uwanjani nikitetemeka, nikatoa majani, nikatikisa.

Imbwa zote zikainuka. Hazikubweka, maana imbwa za kule hazibweki. Zikaja polepole, zikanizunguka, zikalala na pua zao juu ya miguu yangu. Nilijikojolea, sioni haya kusema. Muke wangu alitoka jikoni mbio, akanifikia karibu, kisha akasimama.

Papa-mukwe akaishika kengele, akaigeuza-geuza. "Nani alikupa? Hii nilichonga mimi. Niliizika pamoja na imbwa yangu, ile iliyopasuliwa ubavu na nguruwe wa pori."

Nikamueleza. Akafukuza imbwa kwa fimbo, akachukua kijinga cha moto, tukarudi njiani wawili. Kwenye matope kulikuwa na nyayo zangu na za mbuzi. Mbele yangu, njia yote, kulikuwa na nyayo za imbwa moja.

"Umeita uwindaji ndani ya nyumba," akasema. "Sikuchukii, mwanangu. Lakini imbwa zitakufuata mpaka kufa, na ile iliyo chini ya udongo iko pamoja nazo. Siwezi kumuweka binti yangu katikati ya mambo hayo."

Tuliporudi uwanjani akamuambia binti yake vilevile. "Papa, huyu njo bwana yangu!" muke wangu akalia.

"Ingia ndani, mama," baba yake akamujibu, na sauti yake ilikuwa ya huruma.

Sikumuona tena. Nilisikia aliolewa, akazaa.

Na imbwa je? Yule wa njiani hakunidanganya, hakuna iliyoniuma mpaka leo. Zinakuja tu kila jioni, hata za watu nisiowajua, zinalala mbele ya mulango wangu kimya. Na uoga, uliisha? Wapi! Ninajifungia ndani na jasho linanitoka. Majirani walihama mumoja mumoja. Mugeni akija, anaziona, anarudi alikotoka.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama uko na uoga wako, pita nao. Usikubali akusaidie muntu usiyejua kwao. Tetemeka, lia, jikojolee, lakini ingia hivyohivyo kwa muke wako. Kama ningeumwa siku ile, leo ningekuwa na kovu muguuni, na muntu wa kuniuliza kama bado linauma.