Saladi Tuliyoipeleka Stesheni

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya kipupwe, ukungu umelala bondeni nje kidogo ya Tabora, mweupe, mzito, hata ng'ombe walisikika kengele tu. Nami nimepiga magoti katikati ya matuta ya saladi, nalia.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza, na mimi bibi arusi wa juzijuzi. Mume wangu Petro alikuwa ameniambia kwamba mwezi ukiisha atapanda treni na rafiki zake, waende pwani kukata mkonge. Wengi walikwenda hivyo. Wengine walirudi na baiskeli, wengine hawakurudi kabisa.

Saladi ile niliipanda peke yangu, kwa siri. Watu wa kwetu waliiita majani ya sungura, lakini hoteli ya stesheni iliitaka kwa ajili ya Wazungu wasafiri, na mpishi wake aliniahidi kwamba ikiwa laini, isiyo chungu, ataichukua kila wiki. Nilitaka Petro aikute imekomaa, ashangae, abaki. Mawazo ya ujana, mwanangu, huezeka nyumba kabla ya kusimamisha nguzo. Saladi haina subira na jua: ikikosa maji hupandisha shina upesi, majani yakawa machungu kama shubiri. Mikono yangu miwili haikutosha, na tuta la kwanza lilikuwa limeshaharibika.

Ndipo alipotokea Bibi Zuhura, jirani yetu wa mjini aliyelima mchicha ng'ambo ya kisima.

"Shikamoo, Bibi," nikasema, nikijifuta uso kwa khanga.

"Marahaba. Unamlilia nani na jua hata halijachomoza?"

Nikamweleza yote. Akaketi ukingoni, akaitazama njia ya zamani ya misafara iliyopita hapo juu yetu. Akasema bibi yake aliwauzia wapagazi chakula pale pale, wakipita na meno ya tembo mabegani, wakiimba hadi sauti zikapotelea porini.

"Njia hii haijapata kushiba wanaume," akasema. Kisha akanigeukia kwa ukali. "Na wewe unamficha mumeo bustani, halafu unataka akae kwa ajili yake! Atakaaje kwenye kitu asichokigusa? Kidole kimoja hakivunji chawa. Mpe debe achote maji."

Nilikwenda nyumbani nikamleta Petro, nikamwonyesha bustani. Alichukua debe, akashuka kisimani.

Siku zile, nikizikumbuka, hunijia kama ndoto ya alasiri: Petro akipanda na kushuka kisimani, maji yakimwagika begani, sisi wawili tukifuma vivuli vya nyasi juu ya miche, harufu ya udongo uliolowa. Jioni alianza kuzungumza habari za saladi kama mtu azungumzavyo habari za ndama wake. Habari za safari hakuziacha, na mimi sikumuuliza.

Siku ya treni ndiyo iliyokuwa siku ya kuvuna. Tuliikata na umande wake, tukaifunika kwa magunia mabichi, tukaibeba mpaka stesheni. Mpishi akavunja jani, akatafuna polepole, nami roho juu.

"Tamu," akasema. "Wiki ijayo leteni tena."

Treni ikapiga honi. Rafiki zake Petro walikuwa wameshajaa madirishani. "Petro! Panda, ndugu yetu, inaondoka!"

Petro alisimama na kapu tupu mkononi. Akalitazama behewa, akalitazama jua. Nilikaza meno nisilie.

"Marta," akasema, "lile tuta la mwisho hatujalinywesha, na jua ndilo hilo."

Akatangulia kurudi bondeni, nami nikamfuata.

Mwanangu, umpendaye usimshike kwa machozi, wala usimwandalie furaha akaikuta imekwisha kupikwa. Mshirikishe ingali ngumu. Mwombe msaada mapema, bila haya, maana mtu huota mizizi pale alipotoa jasho. Na ukiona mwenzako anatazama njia, jiulize kwanza kama nyumbani umempa kazi ya kufanya.

Mungu akupe mwenza wa kushika naye jembe, akunyeshee mvua za wastani, na chochote utakachokipanda kisikuwie kichungu. Amina.