Kihariri Changu na Gunia la Keringet

Nyumbani Kiamunyi hakuna aliyeelewa kwa nini nilijivunia kihariri changu, yaani programu ninayoandikia msimbo wa kompyuta. Skrini yake nyeusi, maandishi ya kijani kilichofifia, kila amri iko kwenye vidole. Kipanya sikigusi. Nilijifunza peke yangu, na siku nilipogundua njia fupi zaidi ya kufuta mstari, nilitembea na furaha hiyo mpaka jioni kama mtu aliyefaulu mtihani.

Rafiki yangu, msichana tuliyekutana kwenye kikundi cha vijana wa kompyuta mjini Nakuru, hakujali mambo hayo. Kihariri chake kilikuwa vile kilivyotoka, skrini nyeupe ya kuumiza macho, na kipanya chake kilishikiliwa na selotepu. Nilimdharau kidogo. Nilimwonea wivu zaidi, kwa sababu kazi zake zilikuwa zinaisha.

Mwaka jana chama cha wakulima wa viazi huko Keringet kilitafuta mtu wa kukitengenezea programu ya kupokea magunia: karani anaandika jina na kilo, mkulima anapata ujumbe kwenye simu. Nafasi ilikuwa moja, ya kuajiriwa. Mimi sikuwa nimewahi kuajiriwa popote. Tuliitwa wawili, mimi na rafiki yangu, tukae ofisini kwao asubuhi, kila mtu atengeneze sehemu ya kupokea gunia, halafu meneja achague.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja kando ya ghala. Wakulima waliingia bila kubisha, na matope kwenye gambuti, wakauliza sisi ni akina nani. Nilivaa vipokea sauti masikioni. Nilipanga mafaili. Niliandika sehemu ya kwanza, nikaona majina niliyovipa vipande vya msimbo hayapendezi, nikaifuta, nikaanza upya. Kila mara mkono wa mtu uligusa bega langu, na kila mara nilisahau nilipokuwa.

Yeye aliacha kila mtu amsumbue. Mathe mmoja, mama mkulima aliyeleta viazi, alimuuliza kama hicho kitu kitajua viazi vilivyooza, naye akamgeuzia laptopu, akamwambia abonyeze mwenyewe. Mathe akabonyeza. Akasema maandishi ni madogo kama chawa. Rafiki yangu akacheka, akayakuza papo hapo. Niliwatazama kwa pembe ya jicho. Nilitamani laptopu yake izimike. Nasema ukweli, niliomba hivyo, na mimi ni mtu wa kanisa.

Meneja, mzee wa sweta ya bluu, alikuja kwangu kwanza. Nilimweleza jinsi nilivyoupanga msimbo, jinsi utakavyokuwa rahisi kurekebisha baadaye. Alisikiliza kwa adabu.

"Sasa nikikuletea gunia?" akauliza.

"Bado, mzee. Lakini msingi uko imara."

"Boss, msingi nimeuona. Mimi nilitaka kupima viazi."

Karani akaangalia chini asicheke. Kwa rafiki yangu walipima gunia la kweli, na simu ya mathe ikalia. Kazi ikawa yake.

Tulikaa nje tukila mahindi ya kuchoma. Nilimuuliza, nikijifanya ni swali tu, anawezaje kuandika katikati ya kelele. Akaniambia alijifunzia kwenye hoteli ya mama yake, huko Salgaa malori yanaposimama, kwenye meza ya mwisho. Dereva wa lori akiitisha ugali, lazima ainuke.

"Kwa hivyo kila nikisimama, programu iwe inafanya kazi," akasema. "Hata kama ni vibaya. Sijui nitarudi saa ngapi."

Mimi nina chumba changu na mlango wangu. Wageni wakija, mama huwaambia wapunguze sauti, mtoto anasoma. Na bado pale kwenye benchi nilimwonea wivu kwa ajili ya madereva waliomkatiza.

Akaniambia meneja amemuuliza nani atamsaidia msimu wa mavuno, naye amenitaja. "Lakini utanionyesha kazi kila jioni. Hata kama haijakamilika."

Kuonyesha kitu ambacho hakijakamilika, tena kumwonyesha yeye. Nikasema anipe wiki nifikirie.

"Wiki ya nini? Mzee anafunga ofisi. Ingia umwonyeshe kitu."

Niliingia kabla sijapata sababu nyingine. Nilifungua laptopu mbele ya mzee, nikatoa ule mpangilio wote mzuri, nikabakisha kisanduku kimoja cha kuandika kilo. Kilikuwa kimekaa upande, hakina rangi. Nikakosea amri ninazozijua nikiwa usingizini. Mzee akaandika uzito wa gunia kwa kidole kimoja, akabonyeza. Namba ikabaki pale kwenye skrini.

"Njoo Jumatatu," akasema, akichukua funguo. "Utakuwa chini ya huyu dada."

Niligeuka kuona kama rafiki yangu amesikia. Alikuwa mlangoni, anamwonyesha mathe yule jinsi ya kufuta ujumbe. Wala hakuwa ameangalia upande wangu, na hilo nalo likanichoma.